Timu Ishirini: Kupanuka kwa Ligi Kuu na Kupanda kwa Namungo ya Ruangwa

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2018/19 ikiwa na timu 20, nne zaidi ya msimu uliotangulia. Njombe Mji na Majimaji ya Songea zilikuwa zimeshuka daraja, na nafasi zikajazwa na timu sita zilizopanda kwa mkupuo: JKT Tanzania, African Lyon, Coastal Union ya Tanga, KMC ya Kinondoni, Alliance ya Mwanza na Biashara United ya Mara. Mwaka mmoja baadaye ikapanda Namungo, timu ya Ruangwa mkoani Lindi, wilaya ambayo Watanzania wengi walikuwa wakiisikia kwenye bei za korosho na ufuta tu. Upana huo haukudumu. Msimu wa 2020/21 timu zilipunguzwa hadi 18, na wa 2021/22 zikarudi 16.

Mpira wa ligi nchini ulikuwa umetoka mbali kufika hapo. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, klabu iliyobadili jina na kuitwa Simba mwaka 1971. Tangu mwanzo kombe lilikuwa mali ya Kariakoo, likizunguka zaidi kati ya Mtaa wa Msimbazi wa Simba na ule wa Jangwani wa Yanga, na mikoani lilitoka mara chache: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, kisha Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Baada ya Mtibwa, timu pekee iliyoupenya ukuta wa Simba na Yanga ni Azam, msimu wa 2013/14, nayo ni ya Dar es Salaam vilevile.

Idadi ya timu ilipanda ngazi kwa ngazi. Msimu wa 2010/11 zilikuwa 12. Msimu uliofuata zikawa 14, na mwaka 2015 zikafika 16, baada ya timu nne kupandishwa na mbili tu kushushwa. Ongezeko la timu mbili au nne huonekana dogo likiandikwa kwenye karatasi, lakini ligi ya nyumbani na ugenini huzidisha. Timu 12 hucheza mechi 132, timu 14 mechi 182, timu 16 mechi 240, na timu 20 mechi 380. Kwa maneno mengine, kati ya msimu wa 2014/15 na ule wa 2018/19 kazi ya kuendesha ligi iliongezeka zaidi ya maradufu: waamuzi, makamisaa, viwanja, safari, malazi, kamera na polisi wa mlangoni. Miaka minne ni muda mfupi mno kwa nchi ambayo viwanja vyake vingi vya mikoani vilijengwa miongo mingi kabla na havijafanyiwa matengenezo makubwa.

Hoja za kupanua zilikuwa na uzito wake. Mchezaji anayecheza mechi 38 kwa msimu hukomaa kuliko anayecheza 26. Mikoa kadhaa ya Bara ilikuwa haijawahi kuona mechi ya Ligi Kuu nyumbani kwake, na kijana wa Lindi au Mara aliyetaka kuishi kwa mpira alilazimika kuhamia Dar es Salaam kabla hajafikisha miaka ishirini. Ilikuwapo pia sababu ambayo haisemwi sana hadharani: viongozi wa shirikisho la mpira, TFF, huchaguliwa na mkutano mkuu ambamo vyama vya mikoa vina kura. Ligi pana humpendeza mjumbe wa mkoa. Hilo peke yake haliufanyi upanuzi kuwa kosa, ila linaeleza kwa nini kuongeza timu huwa rahisi kuliko kuzipunguza.

Kusini mwa Tanzania, nyumbani kwa Namungo, kulikuwa na kumbukumbu ya zamani ya mambo makubwa yaliyoletwa kwa haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika, ukilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Maeneo matatu yalichaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Jimbo la Kusini ndilo lililopangiwa sehemu kubwa zaidi ya ardhi. Matrekta yaliagizwa kabla udongo haujapimwa vya kutosha wala mvua haijafuatiliwa miaka kadhaa. Nachingwea haikuwa na bandari wala reli, kwa hiyo ikabidi bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara na reli ivutwe kupita porini hadi mashambani. Kabla miundombinu haijakamilika, mpango wenyewe ulikuwa umeshakufa: Januari 1951 London ilitangaza kuuacha, baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Mashamba madogo yaliendelea chini ya shirika la kilimo la Tanganyika, lakini reli ilikosa mzigo, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki Nachingwea ni mji wenye barabara zilizonyooka na majengo makubwa kuliko mahitaji yake ya wakati ule.

Majengo hayo na nafasi ile havikukaa bure. Tangu miaka ya 1960 hadi 1975 Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO, na Samora Machel aliendesha vita vya ukombozi wa Msumbiji akitokea huko. Uchumi wa wananchi wa kawaida ulirudi kwenye korosho, ufuta na mbaazi. Chama kikuu cha ushirika cha eneo hili, RUNALI, kimeunganisha herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mnada wake ndio unaoamua kama mwaka ni mzuri au mbaya. Katika sensa ya 2012 Nachingwea ilikuwa na watu 178,464 na Ruangwa 131,080. Kwa hesabu hiyo, anayetafuta mahali pa timu ya Ligi Kuu angetazama Nachingwea kwanza: ina watu wengi zaidi, ni kongwe zaidi, na ina jeshi karibu. Timu ikatokea Ruangwa.

Kusini hakukuwa kukavu kabisa kwa mpira. Kariakoo ya Lindi na Bandari ya Mtwara ni majina ambayo mashabiki wa umri mkubwa bado wanayataja. Mwaka 2014 Ndanda ya Mtwara ilipanda Ligi Kuu na kuutumia uwanja wa Nangwanda Sijaona, na kwa miaka mitano ilikuwa ndiyo timu ya watu wa Lindi pia, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mtu wa Ruangwa aliyetaka kuiona Yanga kwa macho yake alisafiri hadi Mtwara, akalala huko na kurudi kesho yake.

Namungo ilichukua jina la kijiji cha wilayani Ruangwa kinachojulikana kwa machimbo. Ilipanda kupitia madaraja ya chini, ikafika Ligi Daraja la Kwanza, na msimu wa 2018/19 ikapata tiketi ya Ligi Kuu pamoja na Polisi Tanzania. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika Namungo inapotajwa kuwa zao la upanuzi. Mlango uliofunguliwa mwaka 2018 ulipitisha timu sita. Mwaka 2019 ulipitisha mbili tu moja kwa moja, kwa kuwa ligi haikuongezwa tena. African Lyon na Stand United ya Shinyanga zilishuka, na Kagera Sugar na Mwadui zikaokoka kwenye mechi za mtoano. Namungo iliingia mwaka mgumu. Ilichokikuta ndani, hata hivyo, ni ligi ya timu 20 yenye mechi 38, na hiyo ndiyo iliyoipima.

Msimu ambao Namungo ilikuwa bado inapigania kupanda ulikuwa mbaya kwa ligi yenyewe. Ligi Kuu ya 2018/19, ya kwanza yenye timu 20, ilichezwa bila mdhamini mkuu. Fedha za haki za matangazo zilikuwapo, lakini ziligawanywa kwa mafungu mengi zaidi, huku kila timu ikiongezewa safari. Ratiba nayo ilipasuka. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo, mechi zake za ligi zikaahirishwa, na viporo vikarundikana hadi msimamo wa ligi ukawa haueleweki: Yanga ikiongoza kwa pointi huku mpinzani wake akiwa na mechi nyingi mkononi. Kwa timu 16 ratiba ya namna hiyo ingeweza kubanwa. Kwa timu 20 hapakuwa na wiki ya ziada. Kusini nako mwaka huo ulikuwa wa taharuki kwa sababu nyingine kabisa: Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuzisomba, baada ya wakulima kugoma kuuza kwa bei ya wanunuzi binafsi.

Namungo ilipofika Ligi Kuu, nyumbani kwake pakawa uwanja mpya wa Majaliwa mjini Ruangwa. Jina hilo ni la Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa tangu 2010 na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015, ambaye pia alijulikana kama mlezi wa timu. Timu za mbali zilikuja kwa basi. Kutoka Dar es Salaam njia ni ya lami hadi Lindi, inavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, inapita Mingoyo hadi Nanganga. Kutoka Nanganga kwenda Ruangwa wakati huo barabara ilikuwa bado ya udongo, vumbi kiangazi na tope masika. Safari ya Namungo kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar ilizidi kilomita 1,500 kwa upande mmoja. Timu ya Dar es Salaam yenye wapinzani kadhaa jijini humo husafiri kidogo, ya pembezoni husafiri kila mara, na ligi ikipanuka tofauti hiyo hupanuka pamoja nayo.

Matokeo ya uwanjani yaliwashangaza wengi. Chini ya kocha Thierry Hitimana, na wakiwa na washambuliaji kama Reliants Lusajo na Blaise Bigirimana, wageni hao walimaliza msimu wao wa kwanza katika nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Mashabiki wakaiita Wauaji wa Kusini. Ligi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na kurejea Juni, na Julai Simba, ambayo ilikuwa imeshatangazwa bingwa, ilikabidhiwa kombe lake Ruangwa baada ya kutoka sare ya 0-0 na Namungo. Kombe la Ligi Kuu kutolewa kwenye mji wa ukubwa huo ni jambo ambalo miaka kumi nyuma lisingefikirika. Siku kama hiyo nyumba za wageni hujaa hadi vitanda vya nyongeza, mama lishe huishiwa wali saa saba mchana, na bodaboda hutoka Nachingwea na vijiji vya kati zikiwa zimepakia mishikaki. Kwa upande wa faida za upanuzi, hakuna hoja ya maandishi inayoishinda siku hiyo.

Agosti 2, 2020 Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa tayari na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, aliyeshindwa fainali ndiye aliyepata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga, iliyomaliza ligi ya pili, ilibaki nyumbani.

Upande wa pili wa hesabu ulisomwa msimu huohuo. Ili kuipunguza ligi, timu tano zilishuka mwaka 2020: Singida United, Ndanda, Lipuli ya Iringa, Alliance na Mbao ya Mwanza. Tatu zilipanda, Dodoma Jiji, Gwambina na Ihefu. Mwaka 2021 zikashuka nne, Mwadui, JKT Tanzania, Gwambina na Ihefu, na kupanda mbili, Geita Gold na Mbeya Kwanza. Jumla ni timu tisa zilizoshushwa katika misimu miwili. Singida United ilikuwa imecheza fainali ya kombe la shirikisho mwaka 2018, na miaka miwili baadaye ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo. Lipuli nayo ilikuwa imecheza fainali kama hiyo mwaka 2019. Kwa Kusini pigo lilikuwa Ndanda: Namungo na Ndanda zilikuwa pamoja Ligi Kuu kwa msimu mmoja tu, kisha Mtwara ikarudi kuwa mtazamaji.

Kupunguza kwa kasi namna hiyo kulikuwa na madhara makubwa kuliko kupanua kwenyewe. Klabu iliyoingia ligi ya timu 20 ilisajili wachezaji, ikakopa, ikaahidi mishahara kwa kutarajia misimu kadhaa ya mapato ya matangazo na ya mlangoni. Milango ya kushukia ilipoongezwa, timu nyingi za katikati ya msimamo zilijikuta zinapigania uhai, na ziliposhuka wachezaji walitawanyika. Alliance na Mbao zilisifika kwa kulea vijana wa Kanda ya Ziwa. Hakuna hata moja iliyorudi haraka.

Namungo wakati huo ilikuwa Afrika. Ilizitoa Al Rabita ya Sudan Kusini na Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha ikapangwa na 1º de Agosto ya Angola kuwania hatua ya makundi. Februari 2021 msafara wake ulizuiwa Luanda kwa masharti ya korona na mechi haikuchezwa. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, likaamua mechi zote mbili zifanyike Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Azam, Chamazi. Namungo ilishinda ya kwanza 6-2 na kupoteza ya pili 3-1, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Kwenye kundi lililokuwa na Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia ilipoteza mechi zote sita. Raja ndiyo iliyochukua kombe mwaka huo, kwa hiyo hakuna aibu kubwa katika hilo, ingawa pengo lilionekana: timu yenye misimu miwili Ligi Kuu haikuwa na kikosi cha kucheza ligi, kombe na bara kwa wakati mmoja.

Biashara United, moja ya zile timu sita za 2018, ilipata somo kali zaidi. Ilimaliza ya nne msimu wa 2020/21 na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na kuondolewa mashindanoni. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja. Uwezo wa kucheza mpira ilikuwa nao. Uwezo wa kuendesha klabu haukukua kwa kasi ileile.

Ajabu ya historia hii ni kwamba fedha zilikuja ligi ilipokuwa imeshasinyaa. Mei 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na Oktoba mwaka huo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu. Timu zilizogawana ni 16. Zilizobeba mzigo wa miaka mikavu, Ndanda, Lipuli, Alliance, Mbao na wenzao, hazikuwapo mezani. Lau mikataba hiyo ingetangulia na timu zikafuata, nchi yenye ukubwa wa Tanzania ingeweza kuzibeba timu 18 bila shida, pengine hata 20. Utaratibu uligeuzwa: idadi ilitangulia, ratiba ikafuata, fedha zikaja mwisho. Aliyepanga karanga Nachingwea alipitia njia hiyohiyo, matrekta kwanza na bandari baadaye.

Viwanja navyo vilidai haki yao. Bodi ya Ligi ilipokaza ukaguzi, hata Namungo ilijikuta msimu wa 2021/22 ikicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, mbali na watu wa Ruangwa, kabla ya kurejea Majaliwa.

Kati ya timu sita zilizopandishwa kwa mkupuo mwaka 2018, ni Coastal Union na KMC pekee zilizofika msimu wa 2024/25 bila kushuka. JKT Tanzania ilishuka na kurudi. Coastal ni klabu kongwe ya mji wa bandari na KMC ni ya manispaa ya Kinondoni. Namungo, iliyokuja mwaka mmoja baada yao, nayo haijashuka hadi msimu huo. Kinachoziunganisha timu hizi tatu ni kuwa na mtu, taasisi au mji nyuma yao. Kwa Namungo nguvu hiyo ilifungamana sana na mwanasiasa mmoja, na ndiyo sababu ni vigumu kuitumia kama ushahidi kwamba wilaya yoyote ya wakulima inaweza kulisha timu ya Ligi Kuu. Nachingwea, yenye korosho zilezile, mnada uleule na watu wengi zaidi, haikutoa timu.

Mwaka 2025 Kassim Majaliwa alitangaza kwamba hatagombea tena ubunge wa Ruangwa, na Novemba mwaka huo kipindi chake cha uwaziri mkuu kikaisha. Simba na Yanga zimeendelea kugawana ubingwa katika ligi ya timu 20, ya 18 na ya 16 bila tofauti yoyote. Ligi Kuu inaendeshwa kwa timu 16, na Namungo bado ni timu pekee ya mkoa wa Lindi ndani yake.